Wimbo Waliomvisha Mama

Baba aliniita nikiwa nachambua maharage nyuma ya nyumba. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, na uani wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa juu ya gogo kama watu wanaosubiri mgao wa nyama. Baba Mkubwa Zakaria ndiye aliyekalia kiti. Mama alikuwa chini, kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, hata mkeka hakupewa. Nilikuwa na miaka minane, au tisa, kwetu hakuna aliyeandika. Baba alinishika bega akanisogeza mpaka katikati yao.

"Mama mdogo," alisema. Alizoea kuniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi. "Siku ile nyumba ya bibi yako inaungua, wewe ulikuwa na huyu?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa mbali naye?"

"Nilimshika kanga."

"Basi waambie wazee. Alikuwa anapiga induru, au alikuwa anaimba?"

Induru ni yowe la hatari, lile mwanamke analopiga moto ukishika au mtu akivamiwa. Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, ametulia, na leo najua kwa nini alitulia: alikuwa na mtoto wake wa kumzaa pale, aliyeona kila kitu, na shida yake ilikuwa inakaribia kwisha.

Nikasema, "Alikuwa anaimba. Wimbo wetu wa shule."

Baba Mkubwa Zakaria alitema mate pembeni. "Mtoto hajui kutunga," alisema. "Mmesikia wenyewe." Jua halijazama, Mama alikuwa barabarani na kifurushi kichwani, anarudi kwao Kaniha, na mimi nimeshikwa mikono miwili na mke wa Baba Mkubwa, kwa kuwa kwetu mke akifukuzwa watoto wanabaki upande wa baba.

Hayo ndiyo mabaya kuliko yote niliyoyafanya hapa duniani, na niliyafanya kwa maneno machache nikiwa sina hata meno ya mbele. Lakini sikuyafanya peke yangu. Kuna watu walionipa maneno yale, wana majina, na nitayataja.

Mama amekufa mwaka huu. Tumemzika Kaniha, kwa kaka zake. Miezi miwili haijapita tangu tuanue matanga, binti yangu Neema akanijia na simu mkononi, akaniambia, "Mama, tazama wimbo huu, sasa hivi hakuna harusi bila wimbo huu." Nikatazama. Kijana amevaa suti nyeupe anacheza, wasichana nyuma yake wanatikisa mabega, halafu ghafla picha ikabadilika ikawa ya zamani, imejaa mikwaruzo kama mvua, na katikati ya ile mikwaruzo alikuwa Mama. Mama kijana, kuliko Neema. Mdomo wazi, kiganja karibu na mdomo. Na ngoma ya harusi inadunda chini yake.

Kwa hiyo naandika. Nilifika darasa la nne tu, atakayeona makosa ayavumilie.

Sisi ni watu wa Bisibo. Nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, kila mtu na migomba yake, jirani wa karibu unamwona kwa moshi wake tu. Kwa sababu hiyo ndiyo maana induru ilikuwa kitu kikubwa kwetu. Mwanamke akiipiga, anayesikia anaacha jembe, anaipokea, naye anaipiga, wa kilima cha pili anaipokea, na kabla hujamaliza kushangaa watu wamejaa na mikuki na ndoo. Ukiisikia ukakaa kimya, ukoo unakutoza pombe ya ndizi mtungi mzima, na wanakunywa wote wewe unatazama. Namna ya kuipiga: mkono wa kushoto unauweka utosini, wa kulia unauleta mdomoni, unaupigapiga mdomo ili sauti ikatike na ifike mbali. Vigelegele vya furaha navyo vina mkono mdomoni. Lakini mkono wa kushoto hauendi kichwani. Mkono kichwani ni msiba, hata mtoto mdogo wa kwetu anakuchapa kibao akikuona umejishika kichwa bure.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka kwetu. Miguu yake ilikufa zamani. Alikaa mlangoni kwenye ngozi ya ng'ombe akituamuru sisi wote, kuku wakiwemo. Mama ndiye aliyembeba, aliyemwogesha, aliyemtafunia nyama. Baba alikuwa Nyamiaga, huko Ngara, amechukuliwa kibarua cha kujenga ghala, anakuja nyumbani mara moja moja.

Amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipokuja, aliyeileta alikuwa Katibu Gervas, mtu wa chama, mfupi, ana baiskeli yenye kengele aliyoipiga hata njia ikiwa tupu. Ukoo wote wa Baba ulihama wiki ya kwanza, wakaenda kijiji kipya. Sisi tulibaki kwa ajili ya Bibi. Katibu Gervas akaja na watu wake.

"Na huyu kikongwe vipi, yeye kazaliwa hapa na jiwe?"

"Miguu haina kazi, mzee," Mama alisema. "Namsubiri mume wangu tumbebe kwa machela."

"Mumeo yuko wapi?"

"Nyamiaga, anajenga ghala."

"Mwandikie barua. Alhamisi lori linapita."

"Sijui kuandika, mzee."

"Basi hama ukajifunze. Kijijini kuna elimu ya watu wazima."

Wale aliokuja nao walicheka wakashikana mabega. Mama naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayeomba asichukiwe. Bibi, ambaye Kiswahili hakukijua, aliniuliza kwa Kisubi chetu wanacheka nini. Nikamwambia wamesema wewe ni jiwe. Akafurahi. Akasema ndiyo, waambie mimi ni jiwe.

Alhamisi lori lilikuja. Mkubwa wa mgambo alikuwa Raphael, kijana wa upande huohuo wetu, mama yake alikuwa anakuja kwetu kuomba chumvi. Na pamoja nao alikuja mtu mwingine aliyevaa kofia ya pama na viatu vyekundu, amebeba begani chombo cheusi. Huyo aliitwa Edwin. Sisi tulimwita Bwana Sinema. Alikuwa amekuja kupiga picha za wananchi wanaohamia kijijini.

Raphael alimwambia Mama ateremshe mizigo kwanza mpaka barabarani, kikongwe atabebwa mwisho. Mama akajitwika mtungi na magodoro ya nyasi, mimi nikashika sufuria, tukashuka. Barabara ilikuwa mbali kidogo, kupita mibuni. Tuliporudi, moto ulikuwa juu ya paa la Bibi.

Raphael alisema alidhani tumeshamtoa. Alisema hivyo papo hapo, akiwa bado ameshika kibiriti, na hakuna siku amesema zaidi ya hapo.

Mama alipiga induru. Niliishika kanga yake na niliisikia ikipita kwenye mwili wake kabla haijatoka mdomoni. Aliipiga, akanyamaza kusikiliza nani anapokea, akaipiga tena. Vilima vilikuwa vitupu. Wa kuipokea walikuwa wameshahamishwa wote. Edwin akatoka kwenye mibuni, akapiga goti moja chini mbele ya Mama, chombo chake kinanguruma kama paka, akasema, "Hivyo hivyo, mama. Endelea hivyo hivyo."

Mgambo mmoja mdogo ndiye aliyeingia, akamburuta Bibi kwa ile ngozi yake. Bibi hakulia. Aliishi mpaka alfajiri ya siku ya tatu, kijijini, chini ya turubai, na tulimzika penye alama za viwanja walizochora watu wa serikali, kwenye kiwanja namba sijui ngapi.

Baba alifika baada ya mazishi. Mama alimweleza yote, moto, kibiriti, induru.

"Nani aliisikia hiyo induru?" Baba aliuliza.

"Hakuna. Watu walikuwa wameshahama."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mtoto wako huyu, na mgambo."

Baba alinyoa nywele, akakaa siku zake za msiba, akarudi Nyamiaga. Hakumshuku. Ila swali lake lilibaki pale nyumbani, maana induru ambayo haikupokelewa, kwetu haina shahidi.

Shule ya kijiji ilikuwa banda la mabati, na mwalimu wa nyimbo alikuwa Mwalimu Deogratias. Alikuwa na fimbo nyembamba ya mbuni aliyoitumia kupigia mdundo, mara juu ya meza, mara juu yetu. Mvua zilipopungua Edwin alirudi, safari hii ana mashine ya kunasa sauti, ina magurudumu mawili yanayozunguka. Mwalimu aliziba madirisha kwa mikeka upepo usiingie. Tulikuwa ishirini na kitu, mimi mstari wa mbele kwa ajili ya ufupi. Wimbo ulikuwa umetungwa na Mwalimu mwenyewe: tumetoka porini, tumekuja kijijini, ujamaa ni raha, mama zetu wafurahi.

Tulishindwa kwenye raha. Wengi wetu tulisema laha.

"Laha ni nini?" Mwalimu Deogratias aliuliza, na fimbo ikashuka. "Laha ndiyo inaliwa? Inavaliwa? Ra. Ra. Rudieni."

Edwin alicheka sana. "Waache, Mwalimu. Watu wa Dar watadhani ni lugha ya kigeni."

Tuliimba mara kumi na zaidi, jasho linatutoka, banda limefungwa kama kaburi. Mwisho Edwin akatupa biskuti, nusu kila mtu, na akatuonyesha ile mashine. Nakumbuka maneno yake kama yaliyochomwa kwa chuma. Alisema, "Mashine hii haidanganyiki. Inachukua kilichomo ndani ya mtu." Alikuwa anatuchekesha watoto. Mimi sikucheka, mimi nilikariri. Na kabla hatujatawanyika Mwalimu akasimama mlangoni na fimbo.

"Mtu yeyote akiwauliza, wimbo huu mliuimba siku ya kuhama. Mliuimba lini?"

"Siku ya kuhama, Mwalimu."

"Sisikii."

"Siku ya kuhama, Mwalimu."

Maharage yalikuwa yanakomaa gari la sinema lilipokuja. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, giza lilipoanza kuingia tukajaa kijiji kizima, hata wagonjwa walibebwa. Wengi tulikuwa hatujawahi kuona picha ikitembea. Tukajiona. Watu wanashuka kwenye lori. Majembe yanapanda yanashuka. Katibu Gervas na baiskeli yake. Na juu ya hayo yote unasikika wimbo wetu, sisi watoto, na raha yetu imenyooka. Kila mtu akionekana watu wanapiga mayowe ya kicheko wanamwita jina.

Halafu Mama. Uso mtupu, umejaa shuka zima, mkubwa kuliko mlango. Kiganja kinapiga mdomo. Na kutoka kwenye mdomo ule zinatoka sauti zetu: mama zetu wafurahi, mama zetu wafurahi.

"Paskazia huyo," mtu akasema nyuma. "Paskazia, kumbe wewe ni fundi wa vigelegele na umetuficha."

"Kahama kwa shangwe kuliko sisi."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mapajani kwa Mama. Nitasema ukweli, nilijaa fahari. Nilimwambia sikioni, "Mama, unaimba wimbo wetu." Alinifunika macho kwa mkono.

Nililala nikifikiri. Mimi niliisikia induru, ndiyo, kwa masikio yangu. Lakini masikio yangu ni ya mtoto na yako nje ya mtu. Mashine imechukua kilichomo ndani. Basi ndani kabisa, mahali ambapo mimi siwezi kufika, Mama alikuwa anaimba. Nilifikiri labda watu wazima wote wako hivyo, nje wanalia, ndani wanaimba, na ndiyo maana wanaweza kubeba vitu vizito. Siku hizo zote nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo. Huo ndio ujinga wangu, na hakuna mtu aliyekuja kuurekebisha, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza mpaka ile siku ya uani.

Mama alikwenda ofisini kwa Katibu Gervas. Alinichukua nami, sijui kwa nini, labda ili nikiwepo aone haya kupiga magoti. Alipiga hata hivyo.

"Shikamoo, mzee. Naomba ile picha yangu itolewe."

"Marahaba. Itolewe iende wapi?"

"Nilikuwa nalia, mzee. Mama mkwe wangu alikuwa anaungua."

"Sasa mbona kwenye picha hulii?" Alimtazama kama mwalimu anayetazama hesabu iliyokosewa. "Picha ya serikali haitolewi, mama. Wenzako wanatamani waonekane, wewe umeonekana unalalamika. Nenda kalime."

Gari la sinema lilitoka kwetu likaenda Ngara. Likafika Nyamiaga. Vibarua wa ghala walikaa kwenye matofali yao wakatazama, na Baba alikuwa miongoni mwao, yeye ambaye alikuwa amewasimulia kila jioni jinsi mama yake alivyokufa na jinsi mkewe alivyolia mpaka sauti ikaisha. Mmoja wao ndiye aliyenieleza, nikiwa mtu mzima. Alisema uso wa Mama ulipojaa shuka Baba alisimama, na mtu mmoja akamwuliza, "Onesmo, si shemeji huyo? Mbona msiba wenu una ngoma?" Wakacheka wote, walidhani ni mzaha wa kawaida. Baba hakurudi kulala bwenini. Alianza kutembea.

Alipofika nyumbani hakujibu salamu. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, Baba Mkubwa Zakaria, ambaye tangu mwanzo alitaka Baba aoe kwingine. Kesho yake ndiyo wakakaa kwenye gogo. Nimekwisha kueleza nilichosema.

Vita ilipokuja, ile ya Uganda, walichukua mgambo kwanza. Raphael alikwenda, Baba naye alikwenda, hakuchukuliwa, alijitolea. Mtu aliyekuwa anaishi kama yeye hakuwa na cha kuaga. Raphael alirudi na redio na saa ya mkononi. Baba hakurudi. Walituletea jina lake kwenye karatasi.

Mama alisikia huko Kaniha, akaja kwa miguu kumlilia mumewe. Alifika na kanga kiunoni kama mjane. Baba Mkubwa Zakaria alisimama penye njia ya kuingilia, mikono nyuma.

"Umekuja kutuimbia?" akamwuliza.

Watu walisikia. Wengine walicheka kidogo, msibani. Mama alikaa nje, ng'ambo ya barabara, siku mbili, jua na mvua vyote vyake. Mimi nilikuwa ndani na nilimwona kupitia tundu la ukuta. Sikutoka. Niliogopa fimbo ya mke wa Baba Mkubwa, na zaidi ya fimbo niliogopa Mama asije akaniita jina langu. Siku ya tatu alikuwa hayupo.

Nilimfuata nilipoolewa, nilipokuwa na nauli yangu na ruhusa yangu. Alikuwa anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanisogezea kigoda na kisu. Tukamenya mpaka karai likajaa. Ndipo akaniuliza, bila kuinua uso, "Siku ile ya moto, ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mama."

"Unapiga nini?"

"Induru."

"Sasa?"

"Nilidhani mashine imesikia kuliko mimi."

Alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. "Mashine," alisema, akachukua muhogo mwingine. Hatukuzungumza tena jambo hilo maisha yote. Nilipojifungua Neema wanawake walipiga vigelegele uani, na Mama alijaza pindo la kanga mdomoni mwake akaliuma mpaka walipomaliza. Mkunga alidhani ni furaha imemzidi.

Sasa huu wimbo wa simu. Nimeutazama mara nyingi kuliko yule kijana aliyeuimba. Unahusu mama mkwe anayempokea mkwe wake: mama kafurahi, mama kapokea, mama kafungua mlango. Kila wanapofika kwenye mama kafurahi, analetwa Mama yangu. Mara tatu wimbo mzima. Mara ya kwanza anapita upesi. Mara ya pili wamempunguza mwendo, wamempaka rangi ya dhahabu, na kiganja chake kinafuata ngoma, pa, pa, pa, kama vile alikuwa anaisikia miaka arobaini kabla haijapigwa. Mara ya tatu wamemweka pembeni ya bibi harusi, nusu kwa nusu, mmoja anatabasamu, mwingine mama mkwe wake anaungua.

Nilimwambia Neema asimamishe picha. Nilikuwa sijui kama inaweza kusimama. Kwenye shuka la ghala ilipita kama ndege, Baba aliiona kwa muda wa kupepesa macho, lakini Neema aligusa kioo na Mama akasimama pale, ananisubiri.

Tazama ulimi. Anayepiga vigelegele ulimi unacheza, ni ulimi ndio unaotengeneza sauti. Wa Mama umelala chini kama wa mtu anayeonyesha koo kwa daktari. Tazama macho, hayamtazami mpiga picha wala hayatazami wenzake wa kucheza, yanapita pembeni kulia, na mimi nilikuwepo, najua kulia kulikuwa na mlango wa Bibi. Nyuma ya bega lake kuna kitu cheupe kinachopanda. Utotoni nilidhani ni wingu.

Na picha imekatwa kwenye nyusi. Kichwa chake juu hakionekani. Lakini aliyekata hakukata vizuri, kwa sababu upande wake wa kushoto, ukingoni kabisa, kimebaki kiwiko. Kiwiko kimeinuka, kimeelekea juu, na mkono wenyewe umepanda ukatoka nje ya picha. Neema aliuliza ni kitu gani. Nikamwambia huo ni mkono wa kushoto, umekwenda utosini. Hakuna mwanamke wa kwetu anayepiga vigelegele amejishika kichwa. Kama Baba angepewa picha iliyosimama, hata kwa muda wa kuvuta sigara moja, angekiona kiwiko kile na Mama angelala nyumbani kwake siku ile.

Neema alimwandikia yule kijana mwimbaji hukohuko kwenye simu, kwamba huyo ni bibi yake na hakuwa anafurahi. Kijana alijibu. Aliweka picha ya moyo na picha ya mtu anayecheka, akaandika, "Bibi yako mkali wa shangwe, asante shabiki." Sina maneno naye mengi. Amerithi uongo uliokwisha kuiva, yeye kaupakua tu.

Mwenye maneno yangu yuko Biharamulo mjini. Gervas alikufa kwa kisukari, Raphael alikufa kwa pombe, Edwin sijui aliko, ila wewe Mwalimu Deogratias upo. Nilikuja dukani kwako mwezi uliopita, nikakupa shikamoo, ukaniitikia vizuri, ukanipa kiti. Nilikuonyesha ile picha. Ulivaa miwani, ukatazama, mguu wako ukawa unapiga mdundo sakafuni.

"Nilisoma kwako mimi, Mwalimu," nikakwambia. "Ule wimbo tuliuimba darasani, madirisha yamezibwa. Wewe uliuambatanisha na uso wa mama yangu."

"Hayo mambo yalikuwa ya kazi," ukasema. "Aliyeambatanisha ni Edwin. Mimi nilitunga tu."

"Ulitwambia tuseme tuliimba siku ya kuhama."

"Ilitakiwa hivyo." Ukavua miwani ukanitazama. "Wewe si ndiye yule wa mstari wa mbele? Uliimba vizuri sana."

Nilitoka dukani kwako nikashindwa kuvuka barabara.

Sasa nisikilize, mwalimu wangu. Zakaria angali hai, ana macho mabovu na ulimi mzima, na kwenye vikao vya ukoo bado anamwita mama yangu mpiga vigelegele. Neema alipopeleka mchumba kwao, mbele ya wageni wakamwuliza kama na yeye ataimba nyumba ya mkwe ikiungua. Mimi nikisimama kusema, wananiambia nikae, ushahidi wangu nilikwisha kuutoa nikiwa mdogo. Na ni kweli niliutoa. Ulikuwa wa kwako, uliuweka mdomoni mwangu na nusu ya biskuti.

Ukoo unakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwa Zakaria, saa nne asubuhi. Nauli nimempa Neema, atakupitia dukani. Ufike, usimame pale kwenye vumbi alipokalishwa Mama, useme kwa mdomo wako mwenyewe wimbo ule uliimbwa wapi, lini, na nani alituamuru tudanganye. Usiniambie ni kazi. Waambie wao, halafu wakuulize, na wewe ujibu.